Makande Yasiyo na Chumvi

Chumbani kwangu hapa Same naishi na mpelelezi wa kwenye tamthilia ya runinga. Hana adabu, humwambia kila mtu ukweli mkavu, na bado watu wanamfuata. Mimi ofisini ni mpole, na hakuna anayenifuata hata kwa chai. Basi nikaamua kumuiga.

Juzi mchana mama wa mfanyakazi mwenzangu Nakijwa alituletea makande ofisini kutoka kijijini Mhezi. Nikamwamkia, nikaonja, nikasukuma sahani.

"Mama, sikufichi. Haya hata mbuzi atasusa. Hayana chumvi kabisa."

Kwenye tamthilia, hapo ndipo wenzake hucheka. Ofisini wenzangu waliinamia sahani zao.

Mama akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ya wenzako yana chumvi. Hayo nimekupikia wewe, sufuria yake peke yake. Nakijwa aliniambia una presha, ndiyo maana huli nao."

Presha sina. Niliisingizia mwaka jana, ili kila mchana nikale chumbani na mpelelezi wangu.

Nakijwa akaweka kijiko chini. "Kaka, leo si unasema ukweli? Hiyo presha unayo?"