Maniben na Robota la Kanga Zilizokatwa

Wapwa wangu, haya hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyeyaona hukaa kitako nikayapima upya. Darasa la tatu niliacha mwenyewe, lilikuwa limeishiwa cha kunifundisha. Lakini kwa ushonaji, Mwembesongo nzima inamjua fundi Stambuli, na cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Bwana Jivraj, Mhindi aliyekuja kutoka Gujarati na mkewe Maniben mwaka hamsini na moja.

Maniben hakuwa mtu wa kutoka. Alikaa nyuma ya pazia la duka, akijifunza Kiswahili kwa Chausiku, mchota maji wao. Waliongea kutwa, ndoo imesahaulika mlangoni.

Mwaka uliofuata, mavuno yalipokwisha na watu wanajiandaa kuwatoa nje wali, mabinti waliofundwa ndani, kaka yake Jivraj wa Dar es Salaam akaleta robota la kanga kwa gari moshi, pamoja na neno: zikidoda, duka analichukua yeye, nao wawili wapande meli warudi kwao. Kwa Maniben, kurudi kulikuwa na maana moja tu: jiko la mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe kasimama mlangoni.

Jumapili, mimi sipo, Jivraj akafungua robota. Akaona kila kanga imeungana na mwenzake. Akasema watu wa kiwanda ni wavivu, wamesahau kukata. Akachukua mkasi wangu, akazikata zote, akazipanga rafuni mojamoja, zimenyooka kama askari wa gwaride.

Asubuhi akaja Bi Mwaisha, kungwi, kumtafutia mwali wake doti. Akashika kipande, akakigeuza.

"Mwenzake kafa?"

"Vipo vingi, mama. Chukua viwili."

"Doti huja nzima, ikakatwe nyumbani kwa mwali. Hii sijui imetoka kwenye matanga ya nani."

Neno hilo likapanda mlima ulio juu ya mji upesi kuliko moshi. Wiki nzima hakuna aliyenunua. Nikasema niachieni mimi. Nikaunga doti moja kwa mshono ambao malaika angeupita asiuone. Bi Mwaisha akapitisha kidole.

"Fundi, mgonjwa huyu umempasua lini?"

Baraza nzima ikacheka. Jivraj akaingia ndani, akaanza kufunga masanduku.

Hapo pazia likafunguka. Maniben huyo, kajifunga kanga juu ya sari. Nyuma yake Chausiku, kavaa mwenzake wa kanga ileile. Jivraj akasema kitu kwa Kihindi chao, kikali. Mkewe akamjibu polepole kwa Kiswahili, sote tusikie: "Wewe ulizikata. Mimi niache nizivae."

Wakashuka barabarani, kila mmoja na ndoo yake, mpaka bombani. Nywele zilinisimama, wapwa wangu. Mke wa mwenye duka na mchota maji, sare moja, mbele ya macho ya mji mzima. Bombani wanawake wakawauliza kulikoni.

"Tumegawana doti," akasema Maniben. "Huyu ndiye mwenzangu."

Nani atacheka hapo? Kugawana doti ni jambo la mashoga walioshibana, linajulikana. Rosa, muuza mchicha, akamgeukia jirani yake: "Na sisi je?"

Jioni walikuja wawili wawili. Kesho yake wakaja wa misheni na wa mjini, mtu na somo yake, mpaka wake wenza waliokuwa hawasemezani. Bi Mwaisha naye akaja, kanuna, akachukua viwili: kimoja cha mwali, kimoja chake mwenyewe. Jivraj akafungua masanduku, akanirudishia na mkasi wangu.

Leo mwaka hamsini na nane, kaka mtu bado analeta robota, na Maniben ndiye anayesimama dukani, pazia lilishageuzwa vitambaa vya kufutia. Mimi naandika hapahapa barazani, kwa sauti, Maniben akinisikia kutoka ndani, maana kalamu yangu haiendi bila mdomo. Basi jueni kwamba siku ya tatu mstari wa wanawake, wawili wawili, ulianzia mlangoni hapa, ukapita sokoni, ukapanda mlima wote mpaka Kinole, mlima ukageuka rangi, nami nimekaa kwenye cherehani hiihii nikamwona wa mwisho kule Kinole anafunga mlango wake ili aje na—

"Fundi, Kinole si iko nyuma ya mlima?"