Meneja na kilemba cha mama mkwe

Jamani, kuna wanaoficha umri na wanaoficha upara, mimi nilikuwa naficha siku niliyomvua mama mkwe kilemba hadharani (si kwa mkono wangu, lakini aliyemvua nilimfundisha mwenyewe), na kwa kuwa mke wangu Neema ameshaanza kuwasimulia kwa kuongeza chumvi, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa lokdauni ya korona, naishi huku ughaibuni, kitongoji cha Toongabbie, na mbwa wangu Meneja, spanieli mwenye masikio marefu kama soksi zilizoanikwa, kazi yake kula na kulala kwenye sofa. Mzungu mmoja niliyefanya naye kazi ghalani akaniambia mbwa wa aina hiyo ni wa bunduki: ukipiga risasi anatulia mpaka ndege adondoke, halafu anamfuata na kukuletea mkononi bila kumng'ata, na tukifunguliwa atanipeleka shambani kwa ndugu yake, mbele ya Campbelltown, tukawinde. Basi nikajiona mwindaji (mimi ambaye hata kuku wa Krismasi nachinjiwa).

Wenzetu huwafundishia mbwa kifurushi cha turubai cha kurusha badala ya ndege, mimi nikaona ya nini kununua, wakati Neema, enzi hizo mchumba wangu wa Guildford, anashona barakoa na vipande vya kitenge vimejaa kwake. Nikachukua vya njano vyenye michoro ya ndege, nikavisokota, nikavifunga kamba. Bunduki sina, nikawa napiga makofi. Nakirusha kifurushi mbali, na nikipiga tu, Meneja anatoka mbio, anarudi na kitenge mdomoni, anakaa mbele yangu, nampa kipande cha ini. Tulifanya hivyo kila siku, hadi jirani akaniuliza kama nimeingia dini mpya.

Waliporuhusu watu wachache kukaa nje, Mama Neema akasema sasa anataka kumwona huyo anayemtaka binti yake, tukutane bustanini. Neema akanionya nimwache Meneja nyumbani, maana kwao Bukavu mbwa analala nje anafukuza wezi, na mama hamwelewi mwanaume anayelala na mbwa sofani. Mimi nikaona hapana, mama akishuhudia adabu ya mbwa huyu, mke nimepata.

Na mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nikamfungua kamba, nikamwambia kaa, akakaa, nikamwambia lala, akalala, mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hapo ndipo nilipokiona kilemba chake: cha njano, kina ndege. Neema alimpa mama yake kitambaa kilekile! Nikataka kumrudishia Meneja kamba, lakini Tonton Safari, mdogo wake mama, alishasema tufumbe macho tuombe.

Nilifumba jicho moja. Tonton akaombea chakula, wagonjwa, chanjo, hata mpango wetu mimi na Neema, kisha akamalizia, "Amina, tumpigie Bwana makofi."

Nikasema tusipige, lakini nani anakusikiliza ukikataza makofi ya Bwana? Meneja aliruka juu ya sufuria la sombe (kisamvu cha kwao), akanyakua kilemba, akazunguka nacho bustani nzima huku watu wa mikeka mingine wakisimama kutazama, na mama akabaki nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama (saluni zilikuwa zimefungwa, na Neema alikuwa hajamaliza). Kisha Meneja akarudi, akakaa mbele yangu, akaniwekea kilemba mkononi bila hata alama ya jino.

Na mimi, kwa mazoea, nikamwambia "Good boy" kwa sauti, nikatoa ini mfukoni nikampa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alijifunika kwa sweta la Neema, akanigeukia.

"Ile mbwa haina makosa," akasema kwa Kiswahili cha Bukavu (kwao "ndiye" ni "njo"). "Inafanya kazi yake. Ni wewe njo unaipatia nyama."

Nilimwomba radhi hadi nikakaukiwa mate, na alinisamehe polepole mno. Kuwinda sijawahi kwenda, na nimeapa sitamfundisha mnyama yeyote kwa nguo ya ukweni. Siku ya harusi, tulipotangazwa mume na mke, kanisa zima lilinyamaza kimya, maana mama alikuwa ameshapiga marufuku makofi, ingawa Meneja tulimfungia nyumbani Toongabbie.