Redio za Kadi za Kabati

Nilitoka Kitale kwa basi, nikabadilisha gari Nairobi, nikalala Malili kwenye benchi la hoteli, nikafika Kiboko na vumbi hadi kwenye nyusi. Mratibu wa mradi hakunipa hata maji. Alinisukumia sanduku la redio za kadi, zile zinazocheza sauti iliyo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

"Wewe ni fundi ama ni mgeni?"

"Fundi."

"Basi keti ufungue."

Tulikuwa tukirekodi wakulima wakieleza kilimo kwa Kikamba, wenzao wasikilize nyumbani. Sauti huhifadhiwa kwa muundo fulani, na redio lazima iwe na chipu inayoujua muundo huo. Sisi tulitumia Ogg. Hauna hataza, yaani hakuna kampuni inayotoza ada ukiutumia. Redio zenye chipu hiyo zilikuwa adimu, lakini Mratibu alizitafuta mpaka akazipata.

Nilipohamishiwa kituo cha Kabati, nilimfahamu Mwaitu Kalekye, yaani Mama Kalekye kwa Kikamba, mjane. Kwenye kadi yake, marehemu mumewe, Mzee Mutua, alifundisha kupanda ndengu, akikatiza somo kumtania mkewe kuhusu uji wake mwepesi. Mama alimsikiliza kila jioni, na alimjibu.

Mratibu akaondoka, akaja Afisa wa Vifaa na redio mpya zenye tochi. Zilisoma muundo wa MP3 peke yake, si Ogg. Nikamwomba tugeuze faili kwanza.

"Fundi, unapenda shida! Redio ni redio."

Akanituma Kiboko kufunga ofisi, akabaki kugawa redio mwenyewe na kukusanya za zamani. Huko nilikuta kompyuta zilizohifadhi nakala za rekodi zimeshafutwa na kupewa shule.

Niliporudi, nilichukua redio moja ya zamani stoo nikaenda moja kwa moja kwa Mwaitu.

"Hii mpya iliandika hakuna faili," alisema. "Jirani akanisomea. Nikaona kadi imekufa, nikaipeleka kwa duka la simu wanijazie kwaya."

Nyinyi mafundi vijana, redio ikisema kadi ni tupu, ulizeni kwanza ni muundo gani haiujui.

Nikaweka kadi kwenye redio ya zamani. Kwaya ikaanza. Mwaitu akatulia, mikono magotini.

"Wakimaliza hawa, ataongea?"

"Mwaitu, nyimbo zimewekwa mahali pa sauti yake. Imefutika."

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Wacha," alisema. "Hawajamaliza."

Asubuhi niliondoka Kabati na begi langu, sikurudi tena. Redio nilimwachia.