Tukio Mbele

Ukitaka kumwona Twahira binti Shamsudin amekasirika, mtajie neno "tukio". Usilieleze, litaje tu. Atakukazia macho, atashusha pumzi, halafu atakuuliza: tukio gani? Harusi ni tukio. Walevi wakipigana stendi ni tukio. Mkubwa akija kukata utepe ni tukio. Sasa wewe uko kwenye usukani, mwendo tisini, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye lami, na bango la umeme linakwambia TUKIO MBELE. Utafanya nini?

Si mwanamke wa hasira za rejareja, lakini. Mtaani kwake Lemara, Arusha, wanamjua kama mama Najat, mtu wa kumwazimisha jirani masufuria ya shughuli na kusahau kuyadai. Baba yake, marehemu mzee Shamsudin, aliendesha lori miaka ishirini na minane, na nyumbani kwao watoto walijua majina ya vilima vya Sekenke na Kitonga kabla ya kujua majina ya shangazi zao. Twahira mwenyewe alikaa miaka kumi na mmoja kwenye redio ya kampuni moja ya utalii, akiyaongoza magari ya mbugani. Sauti yake ikisema mto umejaa, dereva aligeuza gari bila kuuliza. Huko ndiko alikojifunza kwamba dereva aliye mwendoni ana nafasi ya kupokea maneno mawili matatu tu, na lile la kwanza lisipomshika, mengine ni kelele.

Barabara mpya ya mzunguko ilipowekewa kamera na mabango, akaomba kazi kwenye chumba cha uangalizi kule Olasiti, akapata. Chumba chenyewe kina skrini kumi na mbili ukutani, simu mbili, redio, na viti vitatu ambavyo kimoja kimeng'oka gurudumu. Barabarani kuna mabango manane. Kazi inaonekana ya kukaa tu, na mashemeji zake walimtania hivyo, kwamba sasa analipwa kwa kutazama televisheni. Aliwaacha wacheke. Gari likisimama pasipostahili, unaandika saa na dakika. Unahakikisha kwa kamera ya pili, maana asubuhi hata kivuli cha ng'ombe hufanana na gari. Unaita gari la doria, unawaarifu askari wa usalama barabarani, na unawasha bango lililo kilomita mbili nyuma ya hatari ili dereva asome kabla hajafika. Na hatari ikishaondoka, maneno nayo yaondoke palepale. Hilo la mwisho Twahira alilishika kama sala, kwa sababu bango likidanganya leo, kesho dereva halisomi.

Ugomvi ulianzia kwenye orodha.

Maneno ya mabango hayaandikwi hivi hivi. Mtambo ulikuja na orodha ya ujumbe, na mtu mmoja huko makao makuu, ambaye Twahira anaapa hajawahi kukanyaga kabini ya lori, akaitafsiri. Kila baya linaloweza kutokea barabarani, gari limekufa, gari limepinduka, mti umeanguka, yeye akalifunga kwenye kapu moja: TUKIO MBELE. Wiki ya kwanza tu Twahira akamwendea meneja. Meneja Gadiel ni kijana wa watu, mtoto wa mtaa wa Sekei, msomi, na ana adabu zake. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo mama Najat kabla ya kufungua kompyuta. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba "ajali" ni neno la kutisha watalii, na "gari bovu" ni lugha ya mtaani, si ya kiofisi. Twahira akamuuliza, hao madereva wanaishi ofisini? Meneja akacheka kwa heshima, na orodha ikabaki vilevile.

Ilikuwepo njia ya kuandika maneno nje ya orodha, lakini ilikuwa na namba ya siri, na namba hiyo alikuwa nayo meneja peke yake. Yaani ilikuwa yake peke yake mpaka wiki ile ya mkutano mkubwa, mwezi wa saba, mji ulipojaa wageni na misafara. Jumatatu mchana meneja alipiga simu akiwa njiani, ana haraka, wakubwa wanataka mabango yaseme KARIBUNI ARUSHA WAGENI WETU. Twahira akamwambia bango la hatari si la salamu. Akajibiwa aandike tu, na akasomewa namba kwenye simu, tarakimu sita, moja moja. Akaandika. Salamu zikawaka kwenye mabango yote manane, na yeye akazitazama kwenye skrini kama mtu aliyeona viatu juu ya mswala.

Alhamisi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, kamera ya tano ikamwonyesha lori la saruji limesimama kwenye kona, nusu kwenye lami. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba trela lenyewe lilionekana nusu. Dereva alikuwa ameweka matawi nyuma, kama wafanyavyo wote, lakini ameyaweka hatua ishirini tu, na kwenye ukungu ule hatua ishirini si kitu. Twahira akaisogeza kamera. Chini ya trela, upande wa barabarani, ilitokeza miguu miwili ya mtu. Jamaa alikuwa amelala chali anahangaika na breki, na magoti yake yalikuwa juu ya mstari mweupe.

Akafanya yote. Akaandika saa. Akamwita Lerionka, dereva wa gari la doria, naye akajibu yuko upande wa pili kabisa, dakika kumi na tano akikimbia. Akapiga kwa askari. Akafuta salamu kwenye bango la nne, akaweka kile alichoruhusiwa kuweka: TUKIO MBELE. Kisha akatazama magari. La kwanza likapita kwenye bango bila kugusa breki. La pili likapita. La tatu, hebu sikia hili, likaongeza mwendo. Yote matatu yalimkwepa yule mtu kwa bahati tu.

Akampigia meneja. Akamwambia kuna mtu yuko chini ya lori, miguu iko barabarani, magari hayapunguzi, anaomba aandike gari bovu.

"Mama Najat, niko na wageni," Gadiel akasema kwa sauti ya chini. "Subiri niwaulize wakubwa. Usitoke nje ya orodha."

Akasubiri. Hapa ndipo pa kukasirikia, na yeye ndipo anapojikasirikia mpaka leo. Namba alikuwa nayo kichwani. Vidole vilikuwa juu ya kibodi. Lakini mtu aliyelelewa kutii hutii hata pasipostahili utii, akasubiri, simu sikioni, anasikia vikombe vikigongana huko upande wa pili na mtu akicheka. Dakika moja, mbili, nne. Ilipofika ya sita akaitupa simu mezani na kuandika namba ya meneja, ile ile ya salamu, halafu maneno: GARI BOVU. MTU YUKO CHINI. SIMAMA.

Fuso moja, lori la mizigo, ilikuwa imeshapita bango. Aliiona ikitokeza kwenye ukungu wa kamera ya tano, akaona matawi yakiruka, akaona inajikunja kulikwepa trela na haikuweza kuikwepa miguu yote. Kamera zile hazina sauti. Sekunde chache baadaye bango la nne likawa na maneno mapya, na Kosta iliyofuata, yenye abiria tele, ilipoyasoma ikawasha taa za hatari na kusimama kabisa. Nyuma yake likasimama basi. Nyuma ya basi yakasimama magari madogo saba. Twahira aliyahesabu huku analia, na alikuwa analia kwa hasira.

Mwenye miguu aliitwa Yona, baba wa watoto wanne, na hospitali walimkata mmoja chini ya goti.

Jumamosi Twahira akaenda kumwona. Hakuweza kuingia, daktari alikuwa ndani, akakaa kwenye benchi la nje karibu na mwanamume mmoja aliyepakata mfuko wa machungwa na hajui autie wapi. Wakasalimiana. Akatambua kutoka kwenye mazungumzo kwamba huyu ni Bariki, dereva wa ile Fuso, ameachiwa kwa dhamana, na hii ni mara yake ya tatu kuja na machungwa na kurudi nayo. Alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumtoka, na alisema kabla ya siku ile hajawahi kugonga hata kuku.

Twahira akamuuliza kama aliliona bango.

"Niliona, dada. Liliandika tukio mbele. Wiki nzima tukio ni la nini hapa mjini? Ni hawa wageni. Nikajua msafara unakuja, sasa hivi wanafunga barabara, tutakaa juani saa mbili. Nikakanyaga mafuta niwahi kupita."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi, na kwa kweli lilikuwa wazi. Nani Arusha hajawahi kusimamishwa apishe msafara? Nani hajakanyaga mafuta ili asikwame? Neno lililowekwa ili limpunguze mwendo ndilo lililomkimbiza. Twahira alihisi damu inampanda kichwani mpaka masikio yakawa ya moto. Angeweza kuinuka na kwenda zake, Bariki asingemjua mpaka kiama. Akamwambia ni yeye aliyeliandika. Bariki hakumtukana, akatoa chungwa moja kwenye mfuko akampa. Ni afadhali angemtukana.

Jumatatu akakuta barua mezani. Anatakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kutumia namba ya siri isiyo yake na kuweka ujumbe usioidhinishwa. Kuhusu mguu wa Yona, hakuna neno. Kwenye taarifa ya ofisi kulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba tukio lilishughulikiwa kwa mujibu wa mwongozo. Aliusoma mstari ule mara tatu, akaenda msalani akauweka mkono mzima chini ya maji ya bomba, maana angebaki pale mezani angevunja kitu.

Akaijibu barua kwa nusu ukurasa. Aliandika saa na dakika zote, aliandika maneno ya Bariki, na akaandika kwamba namba ile alipewa Jumatatu kwa ajili ya salamu, hivyo anaomba aelezwe ni kwa sheria ipi namba inafaa kukaribishia wageni na haifai kumwokolea mtu.

Kikao kikakaa siku ya Jumatano. Walikuja wakubwa wawili, mwanamume na mwanamke, wakakaa upande mmoja wa meza na Gadiel pembeni yao. Gadiel alikuwa amekonda wiki ile, usimwonee. Alimwamkia shikamoo kama kawaida. Lakini mbele ya wakubwa mtu hujitafutia pa kujificha. Mkubwa mmoja alipouliza kama mtumishi huyu alikuwa amepewa maelekezo, Gadiel akasema ndiyo, alielekezwa wazi asubiri, na asitoke nje ya orodha. Akasema yeye humheshimu mama Najat kama mzazi, ila kazi ina utaratibu, na wahenga hawakukosea.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamalizia.

Nadhani hata mwenyewe alisikia alichokisema, kwa sababu aliinamisha macho kwenye makaratasi. Twahira hakupandisha sauti. Wale waliokuwa koridoni wanasema hawakusikia kitu, na wao walikuwa wametega masikio wakingoja matusi.

"Nilikusikia, meneja," akasema. "Dakika sita nzima nilikusikia. Ona mguu uliokatwa ni wa nani."

Hakuna aliyemwambia atoke, na hakuna aliyemwambia akae. Yule mkubwa mwanamke akaifunga kalamu yake. Twahira akajitengeneza mtandio, akafungua mlango, akarudi kwenye skrini, maana zamu yake ilikuwa mpaka saa nane na ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena.