Boksi Lililosubiri Mbuzi

Valerian alikuwa na koo dogo. Hata akimwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, mtu huyo aliendelea na safari zake. Lakini akishika maiki, lo! Kwenye yale machimbo nje kidogo ya Segese hapakuwa na mtu anayesikilizwa kama yeye, si mwenyekiti, si askari mgambo. Alikaa kibandani na amplifaya yake na betri mbili za lori, na nyaya zilitambaa kutoka hapo mpaka kwenye spika za tarumbeta zilizofungwa kwenye midomo ya maduara, zikitazama chini.

Duara ni shimo, kwa asiyejua. Linakwenda chini mita hamsini, sitini, kisha linapinda kufuata mwamba wenye dhahabu. Maduara tisa ya kikundi cha Mzee Mabula yalikuwa yamekutana huko chini, kwa hiyo baruti ikipigwa katika moja, moshi na mawe vilimfuata hata aliye katika la tatu. Ndiyo maana kila alasiri, robo saa kabla ya saa kumi, Valerian alisema maneno yaleyale: "Baruti! Baruti! Pandeni juu wote!" Watu wakapanda ngazi, wakakaa kivulini, mlipuko ukapita chini ya miguu yao. Miaka sita alifanya hivyo, na hakuzikwa mtu kwa sababu ya baruti.

Kazi hiyo aliipata kwa woga, na yeye mwenyewe hakuficha. Alizaliwa Tinde, akajifunza mambo ya spika kwenye kwaya ya parokia, akapiga muziki wa harusi hadi Kahama. Alipomwoa Martina, shemeji yake Donatus akamleta machimboni. Siku ya kwanza alishuka ngazi kumi na tatu, akatapika, akapandishwa juu kwa kamba huku watu wanacheka. Donatus hakucheka. Alimwambia, "Shemeji, wewe kaa juu utuite. Mimi nitakaa chini nikusikilize." Wakakubaliana hivyo, na wakaishi hivyo.

Mwaka huu, masika yalipoanza, amplifaya ilianza kukohoa. Mara isikike, mara ikatike katikati ya neno. Kikundi kikachanga, na Valerian akapanda basi kwenda Shinyanga mjini kwa Hozefa, ambaye anauza redio na spika katika duka lilelile alilouzia baba yake.

"Ninayo moja," Hozefa alisema, akigonga boksi kwenye rafu. "Ila bei yake hamuiwezi, naijua michango ya machimboni. Mtandaoni, huko nje, utaipata kwa nusu. Sikukatazi. Lakini nisikilize vizuri, bwana, maana wengi wamelia mbele ya kaunta hii."

Akachukua simu ya Valerian, akamwelekeza kwa kidole. Muuzaji aliyefungua duka mwezi uliopita, mkimbie. Sifa zilizoandikwa usizijali, tazama picha walizopiga wanunuzi wenyewe sebuleni kwao. Uliza kama mashine inakubali umeme wa kwetu. Na muuzaji akikwambia mtoke nje ya soko lile umtumie hela mkononi akupunguzie, huyo ni mwizi, hata akikuita ndugu.

"Hela yako inakaa katikati, kwa wenye soko," Hozefa alisema. "Mzigo ukifika una siku kumi za kulalamika. Boksi ulifungue siku hiyohiyo, mtu akurekodi tangu halijakatwa. Ipige mpaka mwisho wa sauti. Ikiwa mbovu, watumie hiyo video, hela itarudi, uje uchukue hii yangu, nitakukopesha kilichopungua. Ikifika siku ya kumi na moja, hela imeshakwenda kwa muuzaji. Hapo hata mimi sina la kukusaidia."

Valerian alifanya yote. Wiki nzima alichambua maduka ya ng'ambo kama mtu anayechambua mchele wa mgeni. Alimpata muuzaji wa miaka minne, mwenye picha za wanunuzi. Yule mtu akamwomba watoke nje ya soko wapunguziane, Valerian akakataa. Akaomba tena, Valerian akakataa tena. Hapo ndipo alipopaswa kuachana naye, maana Hozefa alishamwambia mtu wa namna hiyo ni nani. Lakini bei ilikuwa tamu, na hela ilikuwa salama katikati, akajiambia nina siku kumi, wasiwasi wa nini? Akalipa.

Mzigo ulifika Kahama baada ya mwezi mmoja. Ulikuwa mzito, jamani! Kijana wa bodaboda alilalamika njia nzima, na Valerian alikuwa anatabasamu, kwa sababu watu wa spika wote wanaamini kwamba amplifaya ya kweli ni nzito. Alipoingia machimboni, Mzee Mabula alikuwa anamsubiri kibandani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hilo halifunguliwi."

Valerian alijua sababu, ila alikuwa ameisahau kwa furaha. Mwaka juzi ililetwa kamba mpya ya kuvutia mawe, ikatumika siku hiyohiyo, na kesho yake ukuta wa duara ukamvunja mguu mtoto wa dada yake Mabula. Tangu hapo kikundi kizima kilikula kiapo: kitu chochote kipya cha maduara kitafunguliwa na mganga wao wa Tinde, kwa damu ya mbuzi, mbele ya wote. Na mganga alikuwa na msiba.

"Mzee, nina siku kumi tu za kulipima," Valerian alisema.

"Mganga anakuja Ijumaa. Ijumaa ni siku nne. Hata hesabu hujui?"

Boksi likakaa nyumbani kwa Valerian, sebuleni, kati ya debe la mahindi na kochi. Ijumaa mganga hakuja. Ikasemwa Jumapili. Simu ya Valerian ikaanza kuleta ujumbe wa muuzaji, uliogeuzwa Kiswahili na mashine: "Rafiki mpendwa, mkono wako umeshika mzigo? Bonyeza ndiyo, sisi furaha." Valerian hakubonyeza. Chini ya ujumbe palikuwa na namba ndogo nyekundu ya siku zilizobaki, nayo kila asubuhi ilipungua, bila kelele. Akaanza kuiogopa simu yake mwenyewe.

Jumapili mchana, siku ya sita, mganga bado hajaonekana, Donatus alikuja kula ugali kwa dada yake. Alilitazama boksi, akalipiga teke dogo.

"Shemeji, lifungue bwana. Wakiuliza, nitasema ni panya."

"Panya gani anakata utepe kwa kisu?" Martina alidakia, naye hakuwa anacheka. "Baba Nelly, lifungue. Hozefa alikwambia nini? Tunafunga mlango, unapima, unafunga tena kwa gundi. Nani atajua?"

Akamletea kisu cha jikoni, akakiweka juu ya boksi.

Valerian alikishika kile kisu. Damu ya mbuzi hakuiamini sana. Yeye alikuwa mtu wa rozari. Lakini aliwaogopa walioiamini. "Nikilifungua leo," alisema, "kesho jiwe likamwangukia mtu, hata kama alikuwa amelewa, wataniuliza nani alivunja kiapo. Na mimi siwezi kusema uongo mbele ya Mabula, midomo inanitetemeka. Watanichoma ndani ya nyumba hii, na ninyi mkiwemo."

"Na lisipolia je?" Martina aliuliza.

"Litalia. Si unaona uzito wake?"

Martina akakichukua kisu chake, akarudi jikoni. Hakulitaja boksi tena, na hilo lilimsumbua Valerian kuliko ugomvi.

Siku ya nane, amplifaya ya zamani ikatoa moshi, ikafa. Mabula akasimamisha baruti, na hapo alifanya haki. Lakini bila baruti hakuna mawe, na bila mawe makarasha ya kusaga yalinyamaza, mama lishe wakapunguza sufuria, watu wakaanza kutazamana vibaya. Kila aliyepita kibandani alimuuliza Valerian, "Bebe, wewe, sauti iko wapi?" kana kwamba ameificha mfukoni.

Siku ya kumi alikaa na simu tangu alfajiri. Aliwapigia picha wenye soko, boksi likiwa limefungwa, akawaomba wamwongezee siku mbili. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba wanahitaji video inayoonyesha ubovu. Ubovu gani, na boksi halijafunguliwa? Akaandika tena, wakajibu vilevile. Saa sita usiku kitufe cha kulalamika kikatoweka, na mahali pake pakaandikwa kwamba muuzaji ameshalipwa, asante.

Kesho yake asubuhi mganga akaja.

Watu waliokaa siku tatu bila kazi hawakusubiri. Walishashuka maduarani tangu mapema kutoboa miamba na kupanga baruti, maana mashine mpya imefika na leo italia. Donatus alipita kibandani akiwa na kofia na tochi kichwani. "Leo niite kwa jina, shemeji," alisema akicheka. "Nataka kusikia jina langu kwenye kitu cha ng'ambo." Akashuka duara namba saba, la mbali na refu kuliko yote.

Mbuzi alichinjwa saa saba. Mganga akapaka damu kwenye utepe, akaukata. Amplifaya ikatoka, nyeusi, inang'aa, taa zake za buluu zikawaka, na akina mama wakapiga vigelegele. Valerian akaunganisha nyaya. "Halo. Halo." Sauti ikatoka, ndogo lakini safi. Vigelegele vikaongezeka. Akazungusha kitufe cha sauti hadi nusu. Ikakwaruza. Akazungusha zaidi, ikasema kitu kama mtu aliyekabwa, taa zikazimika.

Akafungua skurubu hapohapo, watu wamemzunguka. Ndani palikuwa na kipande kimoja cha mitambo, saizi ya kiganja. Kando yake, palipotakiwa kuwa na transfoma, lilikuwa limegandishwa donge la saruji lililopakwa rangi nyeusi. Ule ndio ulikuwa uzito.

Valerian akampigia Hozefa, na Hozefa, Mungu amjalie, hakumkaripia. "Njoo uchukue hii yangu, malipo baadaye," alisema. "Ukipata basi la alfajiri, kesho jioni unayo."

"Mzee, tusubiri kesho," Valerian akamwambia Mabula. "Nakuomba. Kesho tu."

Mabula akamtazama mganga. Mganga akafuta kisu chake kwenye majani. "Mbuzi amekubaliwa," alisema. "Lakini dawa hii ni ya leo. Jua likizama bila baruti kulia, mtaanza upya, na mbuzi mwingine, na shari mtakuwa mmeiita wenyewe."

"Una koo," Mabula akamwambia Valerian. "Kalitumie."

Akawapa vijana wengine maduara ya karibu, na Valerian akapewa la sita na la saba. Enock, mpiga baruti, hakungoja hesabu ya waliopanda, akashuka namba nne kuwasha utambi. Valerian akakimbia. Kwenye namba sita alipiga kelele mpaka mishipa ikamsimama, na baada ya muda tochi zikaonekana, watu watano wakapanda. Akakimbilia namba saba, akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo.

"Baruti! Pandeni!"

Huko chini kulikuwa na mlio wa mashine ya kutobolea mwamba. Spika ya tarumbeta ilikuwa hapo kando ya kichwa chake, waya wake umening'inia.

"Donatus! Shemeji! Donatus!"

Wawili wakatokea, waliokuwa karibu na ngazi. "Donatus yuko mbele kabisa, ameshika mashine," walisema wakihema. "Hasikii kitu yule." Nyuma yao Enock alishatoka namba nne, ananyoosha mikono juu kuonyesha utambi umewaka. Valerian akashika ngazi, akaanza kushuka. Miguu ilikataa, akailazimisha. Aliita jina kila ngazi, na koo lilikuwa limeshakauka, linatoa upepo tu. Alikuwa ngazi ya kumi na tatu, palepale pa miaka sita iliyopita, ardhi ilipotikisika. Kisha moshi ukapanda kumkuta, na mlio wa mashine ya kutobolea ukakoma.

Walimtoa Donatus kesho yake mchana. Kwenye msiba watu walizungumza kwa sauti ya chini. Wengine walisema mbuzi alikuwa na doa jeupe, hakustahili. Wengine walisema Valerian alilichungulia boksi usiku. Hakuna aliyesema habari za siku kumi, kwa kuwa waliozijua walikuwa Valerian na Martina, na Mabula, ambaye hazikumfaa, na Hozefa, aliyekuja kuzika akiwa amebeba ile amplifaya yake ndani ya gari. Ndiyo iliyotumika kusomea wasifu wa marehemu. Ilisikika vizuri mpaka barabarani.

Waombolezaji wengi walipotawanyika, Martina alibaki amekaa sebuleni kwenye mkeka, khanga imemfunika kichwa. Boksi tupu lilikuwa limerudishwa palepale, kati ya debe na kochi, damu ya mbuzi imekauka kwenye utepe wake. Martina alilitazama kwa muda mrefu.

"Lilikaa hapa siku ngapi?" aliuliza.

Valerian alihesabu kwa vidole, tangu siku ya bodaboda.

"Kumi na moja."

Martina akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kile kisu, akalikata boksi vipandevipande, taratibu, akaenda kuwashia moto wa chai ya wageni.