Doa Nililolifunika kwa Chokaa

Harufu yenyewe ni ya mafuta ya taa juu ya chokaa iliyokauka. Wengi wenu hamjawahi kuinusa, na hamjakosa kitu. Mimi iliniingia puani mwezi uliopita hapa Doha, na tangu hapo sijatulia.

Nilikuwa nimekaa wiki tatu kwa binti yangu Mueni, ambaye ni muuguzi, katika nyumba yao ya Al Rayyan, na kukaa kulikuwa kumenishinda. Nilifungua friji bila njaa. Nilishuka ngazi mpaka langoni, joto likanirudisha juu. Nilipanga viatu vya watu mlangoni, nikavipanga upya. "Baba, keti basi," Mueni alisema, "unanizungusha kichwa." Mumewe, Mutua, akanionea huruma. Asubuhi moja akanipakia kwenye pikapu tukaenda Industrial Area, kwenye karakana anakosimamia mafundi wa matangi.

Ndani ya karakana hiyo kulikuwa na fundi mmoja, mtu wa Kerala mwenye mvi, ameinamia tangi jipya. Upande wa nje wa mshono alikuwa amepaka chokaa. Upande wa ndani alikuwa akipitisha brashi yenye mafuta ya taa, maana penye tundu mafuta hupenya na kutia doa kwenye chokaa. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Unaijua hii kazi, mzee?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka.

"Baba yangu aliifanya," nikasema.

Basi akafurahi. Alifuta mikono, akatoa simu, akanionyesha picha ya manowari ya kubeba ndege, kubwa kama mtaa. Alisema aliwahi kuchomelea ndani ya meli ile, kwao India. "Tulijenga wenyewe. Miaka mingi. Watu walicheka, wakasema hawa hawawezi. Sasa hawacheki." Kisha akaongeza, akigonga tangi kwa kidole, "Kule pia, doa likitoka, unarudia. Hata kama ni siku ya mwisho. Hata kama bosi anapiga kelele."

Mutua akadhani joto ndilo lililonibadilisha uso. Alinitafutia kiti na maji baridi. Haikuwa joto.

Nilikulia Changamwe, Mombasa, miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa fundi katika karakana ya kutengenezea meli. Alirudi nyumbani ananuka moshi wa chuma, na nguo zake zilikuwa na vitundu vidogo vya cheche, mama akivihesabu kama mtu anayesoma gazeti. Rafiki yangu alikuwa Mwanyalo, Mtaita, tulikaa dawati moja darasa la saba. Baba yake alikuwa amefariki. Aliishi na mama yake katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu, na mama huyo kifua kilikuwa kinamsumbua.

Mwaka ule manowari ya kubeba ndege ya wageni ilitia nanga nje ya bandari. Tulipanda kilimani shule nzima kuitazama. Ilikuwa bapa na ya kijivu, na ndege zimepangwa juu yake kama nzi kwenye sinia. Watoto walipiga kelele. Mwanyalo hakupiga. Aliitazama mpaka mwalimu akamvuta shati, ndipo akauliza, "Mwalimu, na yetu itajengwa wapi?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo tukamwita Admirali, na jina likamganda.

Sasa, karakana ya kina baba ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, siku ya wafanyakazi na familia zao, watoto walileta vyombo walivyotengeneza kwa bati, vikawekwa kwenye bwawa la saruji na kupakiwa nati na bolti. Chombo kikibeba mzigo bila kuvuja mpaka msimamizi amalize kuvuta kiko chake, kimepita. Msimamizi huyo alikuwa mzungu aliyebaki baada ya uhuru, mwenye shingo nyekundu na maneno machache. Mwaka ule alitangaza kwamba mtoto wa darasa la saba ambaye kazi yake itashinda atachukuliwa mwanagenzi.

Kwangu mimi hilo halikuwa na uzito. Baba alikuwa ameshasema nitakwenda sekondari. Kwa Mwanyalo lilikuwa kila kitu. Mjomba wake alikuwa ametuma habari kwamba shule ikiisha arudi Taita akakate mkonge.

Wengine walitengeneza mashua na matishari ya kubebea shehena. Admirali akasema sisi tutatengeneza manowari ya kubeba ndege. Tulifanya kazi uani kwetu majuma sita. Tulikusanya madebe, tukayafungua na kuyanyoosha kwa nyundo. Baba alitupa lehemu na kumfundisha Mwanyalo kutumia chuma cha kulehemu, kile kinachopashwa moto kwenye jiko la makaa. Mimi nilikata bati na kupuliza jiko. Meli ilitoka ndefu kama mlango. Ndege tulizichonga kwa mabua ya mahindi, kumi na mbili, kila moja na mkia wake.

Jioni moja baba alipitisha kidole juu ya mshono wa Mwanyalo, polepole, kutoka mbele hadi nyuma. Akaniambia mbele yake, na mama akisikia, "Ungekuwa na mkono kama huu, ningekuachia kazi yangu."

Hakukusudia ubaya. Alikuwa mtu wa kusema anachokiona. Lakini maneno yale yaliniingia na hayakutoka.

Asubuhi ya shindano Mwanyalo alilazimika kumpeleka mama yake zahanati. Alikuja uani mbio, hata viatu hakuvaa. "Nimeshapaka chokaa nje tangu jana, imekauka," aliniambia. "Wewe paka mafuta ndani, subiri, uangalie. Likitoka doa lolote washa jiko, uchome. Unajua kuchoma."

"Nenda bwana, najua."

Nilipaka. Nikasubiri. Mishono yote ilibaki myeupe, isipokuwa kona ya nyuma upande wa kushoto. Pale likatokea doa, dogo kama punje ya choroko, kisha likatanuka taratibu kufikia ukubwa wa kunde.

Nataka kusema kweli hapa, maana sina faida tena ya kudanganya. Makaa yalikuwepo. Lehemu ilikuwepo. Muda ulikuwepo. Ningeweza kusema nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira, na kweli wenzangu walikuwa wananiita nje ya ua. Lakini nilisimama pale na furaha ndogo mbaya moyoni. Mkono ule uliosifiwa ulikuwa umekosea. Nikafuta mafuta ndani kwa kitambaa, nikachovya brashi, nikalifunika doa kwa chokaa. Baba alipokuja kukagua aliona weupe mtupu. Alinipiga begani kwa furaha.

Bwawani tulishangiliwa. Hakuna aliyewahi kuleta kitu kama kile. Hata msimamizi alitoa kiko mdomoni. Meli ilielea vizuri, ikapakiwa nati kiganja kwa kiganja, na Mwanyalo, aliyefika anahema kutoka zahanati, alisimama mikono nyuma kama wale mabaharia. Kiko kilikuwa kimefika nusu. Halafu nyuma ikashuka kidogo. Kisha kidogo tena. Meli iliinama upande wa kushoto, ikanywa maji mara moja kwa kishindo, ikaenda chini. Ndege kumi na mbili za mabua zikabaki juu ya maji, zinazunguka.

"Ndege zimejifunza kuogelea!" mtu alipiga kelele, na umati mzima ukapasuka.

Msimamizi alisema neno kwa karani wake. Karani, Mwafrika mwenzetu kabisa, akapanda juu ya kreti ili sote tusikie. "Bwana anasema, kabla ya manowari, waanze na ndoo!" Akatuongezea la kwake: "Admirali, kateke maji!"

Mwanyalo hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Halikutoka doa?"

"Halikutoka."

Baba alikuwa kando yetu. Alisikia. Alimtazama Mwanyalo kwa huruma, akasema taratibu, "Basi mshono umeachia kwa uzito. Ni mkono, mwanangu. Hutokea." Nafasi ilikwenda kwa mtoto wa dereva wa winchi, aliyeleta tishari la mraba kama sanduku.

Kabla ya kuondoka kwenda Taita, Mwanyalo alirudisha chuma cha kulehemu kwa baba, amekifunga kwa gazeti. Mimi nilijificha chooni mpaka alipoondoka.

Nilisoma sekondari. Nikafanya kazi ya stoo, nikaoa, nikazaa. Mwaka juzi tulikutana kwenye matanga Mwatate, kwao Taita. Ni mzee sasa, alikata mkonge, kisha akawa mlinzi. Tulicheka mengi. Mkewe akaniambia kwa utani, "Huyu mwenzako wa ajabu. Hata sufuria ikitoboka hagusi. Anapeleka kwa fundi na kulipa." Mwanyalo akainua mikono yake, akaigeuza. "Hii haina bahati na chuma. Unakumbuka baba yako alisema." Nilichukua nambari yake ya simu. Nikala wali wa matanga. Sikusema.

Siku ile niliyotoka karakana ya Mutua nilizunguka nyumba nzima ya Mueni mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilipopiga simu, nilipiga nimesimama.

"Admirali," nikasema. Nikamweleza yote, bila kupumua, kitambaa, brashi, chokaa, maneno ya baba.

"Kona gani?" akauliza.

"Ya nyuma. Kushoto."

"Kona ile," akasema polepole. "Chuma kilikuwa kimeanza kupoa. Nilisema nitairudia. Na kwingine?"

"Kwingine kote kulikuwa kweupe."

"Mishono yote ile?"

"Yote."

"Doa moja tu?"

"Moja tu, Mwanyalo. Nisamehe."

"Hilo la kusamehe subiri kwanza," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayeinuka kitini. Nikamsikia akimwita mkewe kwa nguvu: "Mama Wakio! Njoo! Moja tu! Nilikuwa na doa moja tu!"

Hakurudi kwenye simu. Nilimsikia akieleza, akipandisha sauti, mpaka salio likaisha.

Kwa miaka yote nilijua nimemnyima kazi, na nilijifariji kwamba kazi hupatikana kwingine. Sikujua kwamba tangu asubuhi ile alikuwa amekubaliana na waliocheka. Msimamizi na karani walisema neno moja wakaenda zao. Mimi ndiye niliyewapa ushahidi, naye akaubeba katika mikono yake miwili maisha yake yote. Bado hajanipigia kuniambia kama amenisamehe. Simuulizi. Mueni ananiambia nikae, nami nashindwa. Ila juzi mkewe alinitumia ujumbe mfupi, wa malalamiko, kwamba mume wake amenunua lehemu, na ameshusha sufuria zote za nyumba, nzima na mbovu, anazipaka chokaa.