Ukuta wa Adventina Bado Mbichi

Bado sijakubali. Leo asubuhi nimepiga tena simu ya Adventina, ikaita, nikakaa na simu sikioni kama mtu asiye na akili. Akapokea kaka yake. Nikampa pole tu, nikakata.

Kwa mnaonifuata hapa na hamkumjua: Adventina alikuwa fundi mwenzangu. Ndiye yule mwenye kilemba cha kijani kwenye picha zangu zote za saiti, anayeangalia pembeni kwa sababu hakupenda kupigwa picha. Jumapili alianguka nyumbani kwao Nyakatuntu akijiandaa kwenda misa. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka. Jana tumemzika.

Jumamosi tulikuwa wote juu ya jukwaa la ujenzi.

Kazi yetu ni kuta za zamani za mawe. Tunachokonoa viungo vilivyochoka kati ya jiwe na jiwe, tunajaza chokaa mpya. Saruji hatugusi, maana inaubana ukuta wa zamani, unyevu unakosa pa kutokea, mawe yanaanza kumeguka.

Mwaka huu tulikuwa kwenye kanisa dogo la Kikatoliki upande wa Songambele. Kamati ilitaka saruji, ikauke haraka wapake rangi. Adventina akawapa shikamoo wazee wote, mmoja mmoja, halafu akasema, "Wazee wangu, nipeni ukuta mmoja tu, huu wa sakristia. Ukibomoka leteni saruji yenu, mimi nabeba vifaa vyangu naenda." Wakamkubalia shingo upande.

Mimi nilitokea Nyaishozi na Ulutheri wangu. Kila asubuhi hakunihurumia. "Mlutheri wangu, leo tena unawatengenezea Wakatoliki nyumba yao. Huko kwenu wanajua?"

Mfuko wa aproni yake ulijaa kahawa ya kutafuna iliyochanganyika na mchanga. Ukimwomba anakupa na mchanga wake. Nimelalamika miaka yote, na leo nimetafuna kahawa safi nikaona haina ladha.

Glavu alivaa wakati wa kukoroga tu. Kiungo kikianza kukaza lazima akiguse kwa kidole gumba, ndipo ajue kama kiko tayari kusuguliwa brashi. Vidole vyake vilipasuka kwa ile chokaa, na jioni mama yake alimpaka samli huku akimgombeza.

Tuligombana sana, jamani. Hasira zangu mnazijua. Nikijaza kiungo juu juu, yeye anakichokonoa chote bila kusema neno, ananirudishia mwiko. Siku hizo nilitamani nimsukume kutoka jukwaani. Sasa natamani anichokonolee ukuta mzima.

Jioni hatukuondoka mpaka ukuta umevikwa. Magunia yaliyoloweshwa, juu yake majani ya migomba, upepo usipite. "Kichanga hakianikwi juani," ndivyo alivyokuwa akisema. Kila siku lazima ukuta unyweshwe maji kidogo kidogo. Chokaa ikikauka haraka inakuwa unga, unaifuta kwa kiganja.

Jumapili ilikuwa zamu yake. Angesali misa pale pale, akitoka anyweshe ukuta.

Jumatatu nimekaa msibani kwao, jua linawaka, upepo unapuliza migomba, ndipo nikakumbuka. Ukuta haujanywa tangu Jumamosi. Na kwetu huku mtu akifa, jembe halishikwi mpaka azikwe. Ukionekana unafanya kazi watu watakuuliza una moyo gani. Nikinyamaza, kazi yake ya mwisho inageuka unga na saruji inaingia. Nikienda, naonekana nimemkimbia maiti.

Nikajikokota mpaka alipokaa mama yake, nikapiga magoti.

"Mama, ule ukuta wake haujapata maji."

Akaniuliza, "Anaumwagia nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi nenda, waitu, mwanangu. Usishike mwiko, usishike nyundo. Unyweshe tu, urudi tulie."

Nikachukua pikipiki. Nilipofika, majani yamepeperushwa upande mmoja, magunia yamekauka kau. Nikanyunyiza kwa mkono, taratibu, kama alivyonifundisha, nikiuvika upya kila nilipomaliza. Nililia pale mpaka sikujua maji ya ndoo ni yapi.

Karibu na dirisha, kwenye kiungo alichojaza mwisho, nikakuta alama ya kidole gumba chake. Alikuwa amepima, akaona bado, akaiacha aje aisugue. Ufundi unataka alama kama ile ifutwe kwa brashi. Mimi nimeivika gunia bichi nikarudi msibani.

Jana baada ya mazishi nilipita tena. Nikamkuta mwenyekiti wa kamati, mzee yule yule wa saruji, amevaa bado koti lake la msibani. Alikuwa amegandua kipande cha gunia anakwaruza chokaa kwa ukucha. Haikutoka. Akakwaruza tena.

"Imeshika," akasema. Kisha, "Kuta zilizobaki nazo zijazwe hivi hivi. Lakini nani atakuwa upande wa pili wa jukwaa?"

Nikalilowesha lile gunia, nikalirudisha mahali pake.

Adventina, nimekukumbuka mno. Nimekumbuka mchanga kwenye kahawa, nimekumbuka utani wako, nimekumbuka hata kununa kwako. Kuta zako nitazimaliza, polepole, na nikijaza juu juu nitachokonoa mwenyewe. Alama yako pale dirishani haiguswi na brashi ya mtu yeyote nikiwa hai.

Leo ukuta wako umeshakunywa, usiwe na wasiwasi. Pumzisha hivyo vidole, dada yangu. Lala. Zamu yako naishika mimi, Mlutheri wako.